Rufaa ya elimu ya kisukari Ontario: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Watu wawili wanaweza kuishi jengo moja mjini Toronto, jimbo la Ontario, Canada, wote wana kisukari aina ya 2, wote wana kadi ya OHIP, bima ya afya ya jimbo. Mmoja anapewa miadi na mwelimishaji wa kisukari wiki ileile aliyoambiwa ana ugonjwa. Mwenzake anakaa miaka mitatu akimeza vidonge vya metformini vya kushusha sukari bila kujua huduma hiyo ipo. Mara nyingi tofauti yao iko kwenye kliniki wanayotibiwa: daktari analipwaje, na chumba cha jirani yake amekaa nani.

Elimu ya kisukari ni kitu gani? Si daktari ananishauri tayari?

Daktari ana dakika kumi, na ndani ya hizo kumi ana shinikizo la damu, figo, dawa na karatasi za kusaini. Mwelimishaji, kwa kawaida muuguzi akishirikiana na mtaalamu wa lishe, anafundisha mambo ya mikono. Ukipima sukari unatoboa ubavu wa kidole, si nchani, maana nchani panauma na ndipo unaposhikia vitu. Insulini haichomwi mahali palepale kila siku, ngozi itafanya uvimbe na dawa haitaingia sawasawa. Ukichoma tumboni unaacha nafasi ya vidole viwili au zaidi kutoka kitovuni. Sukari ikishuka chini ya 4 mmol/L unakunywa vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, au mililita 150 za juisi. Unasubiri dakika 15, unapima tena.

Halafu kuna chakula. Kumwambia mtu wa ugali "punguza wanga" ni kutomwambia kitu. Mtaalamu wa lishe anakaa naye mpaka wakubaliane tonge ngapi, na mboga gani ijaze nusu ya sahani.

Ontario, programu za elimu ya kisukari zinalipiwa na serikali ya jimbo. Mgonjwa halipi kitu.

Mifumo ya huduma ya msingi Ontario ni ipi?

Ni mingi kuliko inavyohitajika, na majina yake yanafanana mpaka yanachosha. Ya muhimu kwa mgonjwa wa kisukari ni haya.

Wapo madaktari wanaolipwa kwa kila huduma: umekuja, wameandika, serikali imelipa. Vikundi vya Afya ya Familia, FHG, vilivyoanza mwaka 2003, bado vinasimama hasa juu ya malipo hayo, pamoja na nyongeza kadhaa.

Wapo wanaolipwa kwa kila mgonjwa aliyeandikishwa kwao, kiasi kikitegemea umri na jinsia yake, awe amekuja mara kumi au hakuja kabisa. Hayo ndiyo malipo ya kichwa, na hao ndio wa Mashirika ya Afya ya Familia, FHO.

Timu ya Afya ya Familia, ile unayoiona imeandikwa FHT mlangoni, si mfumo wa malipo, ingawa watu wengi wanadhani hivyo. Ni timu ya wauguzi, wataalamu wa lishe, wafamasia na wafanyakazi wa ustawi wa jamii, iliyowekwa kando ya madaktari ambao wengi wao wanalipwa kwa kichwa. Zilianza mwaka 2005. Si kila daktari wa FHO ana timu, na hapo ndipo mkanganyiko unapozaliwa.

Vituo vya Afya vya Jamii, CHC, ni vya zamani zaidi. Daktari analipwa mshahara, na kituo kimejengwa kwa ajili ya watu ambao milango mingine inawabana: wahamiaji wapya, wasio na bima, wasiojua Kiingereza. Na kuna kliniki zinazoongozwa na wauguzi watabibu, yaani wauguzi wenye ruhusa ya kupima, kutambua ugonjwa na kuandika dawa. Ya kwanza ilifunguliwa Sudbury mwaka 2007.

Malipo ya daktari yanahusianaje na rufaa yangu?

Tupige hesabu bila kumtuhumu mtu. Daktari anayelipwa kwa kila huduma, kuandika rufaa ya elimu ni kazi ya dakika kadhaa ambayo peke yake haina malipo. Kinyume chake, akizungumza nawe mwenyewe kuhusu kisukari, kuna namba ya malipo ya tathmini hiyo, K030, na mwisho wa mwaka kuna nyongeza, Q040, kwa aliyemfuatilia mgonjwa kwa utaratibu uliowekwa. Jedwali analojaza kwa ajili hiyo linataka A1C (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu hivi), shinikizo la damu, mafuta kwenye damu, uzito, miguu, na kwamba mgonjwa amesaidiwa kujisimamia. Kwamba amesaidiwa na nani, na kwa dakika ngapi, halibani sana. Daktari akisema "fanya mazoezi, punguza soda", kisanduku kimejaa.

Anayelipwa kwa kichwa hesabu yake ni nyingine. Mgonjwa akifundishwa vizuri na mwelimishaji, akawa anapiga simu mara chache, daktari hapotezi senti. Kwa hiyo ana sababu ya kumpeleka. Ila malipo ya kichwa yana upande wa pili: mgonjwa asiyekuja kabisa naye hamgharimu chochote, na asiyekuja hapewi rufaa. Ndiyo maana malipo peke yake hayaelezi kila kitu. Kliniki ya malipo ya kichwa isiyo na orodha ya wagonjwa wake wa kisukari, na isiyo na mtu wa kuipitia, inaweza kuwa mbovu kuliko daktari wa peke yake mwenye bidii.

Kwa maoni yetu, umbali una nguvu kuliko malipo. Mwelimishaji akiwa mlango wa tatu kwenye korido ileile, daktari anasimama, anagonga, anasema "huyu ni mgonjwa wangu, ana A1C ya 9.2, unaweza kumwona leo?" Mgonjwa ameshamwona mtu uso kwa uso. Mwelimishaji akiwa jengo lingine, kinachosafiri ni karatasi.

Nikienda kwa mwelimishaji wa nje, daktari wangu wa FHO atakatwa pesa?

Hapana. Makato yanayowahusu madaktari hao yanatokea mgonjwa aliyeandikishwa kwao anapopata huduma za msingi kwa daktari mwingine wa familia, kwa mfano kliniki za kuingia bila miadi. Muuguzi na mtaalamu wa lishe wa programu ya kisukari hawamo.

Takwimu zinaonyesha kliniki yetu ya FHT inatoa rufaa chache. Tunazembea?

Si lazima, na swali hili tunapenda kulijibu kwa urefu kwa sababu wasimamizi wengi hujikwaa hapa.

Rufaa zinahesabiwa zinapovuka mlango. Daktari wa peke yake akimpeleka mgonjwa kwenye programu ya hospitali, hiyo ni rufaa moja kwenye kitabu. Daktari wa FHT akimwachia mgonjwa wake mtaalamu wa lishe wa ndani, mara nyingi hakuna karatasi inayotoka. Ni ujumbe mfupi ndani ya faili la kompyuta, au maneno ya koridoni. Ukilinganisha hao wawili kwa idadi ya rufaa za nje, aliyewafundisha wengi ataonekana mvivu.

Cha kuhesabu ni wagonjwa. Chukua orodha ya waliotambuliwa kuwa na kisukari miezi 12 iliyopita, kisha uliza: wangapi wamekaa na muuguzi au mtaalamu wa lishe angalau mara moja, ndani au nje? Wangapi walirudi mara ya pili? Ili hilo lipatikane, ziara ya elimu iandikwe kwa msimbo mmoja. Muuguzi mmoja akiandika "DM ed", mwingine "ushauri wa lishe" na wa tatu asiandike chochote, kompyuta itakupa jibu la uongo kwa sura ya kujiamini.

Upande wa pili wa sarafu: elimu ya ndani nayo ina mipaka. Muuguzi wa FHT anayeshika chanjo, vidonda na kisukari kwa siku moja hawezi kuwa na saa za mafunzo ya kundi kama programu kamili. Anayeanza insulini mara nne kwa siku, mjamzito mwenye kisukari, na mwenye aina ya 1 anayetaka pampu ya insulini wapelekwe nje, hata kama korido ni fupi.

Basi daktari alipwe kwa kutoa rufaa, tatizo si litaisha?

Uingereza walijaribu. Kwenye mpango wa kuwalipa madaktari wa familia kwa ubora, unaoitwa QOF, kiliingia mwaka 2013 kipimo DM014: mgonjwa mpya awe na kumbukumbu ya kupelekwa kwenye elimu yenye mpangilio ndani ya miezi 9 tangu kuingizwa kwenye rejista. Rufaa zikaandikwa kwa wingi. Mahudhurio yaliyorekodiwa yakabaki chini mno. Kipimo kilikuwa kinauliza kama mgonjwa amepelekwa, hakikuuliza kama amefika. Rufaa inayotolewa ili kujaza kisanduku haina maelezo, na mgonjwa anapopigiwa simu na mtu asiyemjua, kuhusu darasa ambalo daktari hakulitaja kwa sauti, anajibu "nitawapigia".

Na Marekani kukoje?

Kule tatizo linaanza kabla ya rufaa. Medicare, bima ya serikali hasa kwa wazee, inalipia saa 10 za elimu ya kisukari katika mwaka wa kwanza, moja ya mtu mmoja na 9 za kundi, kisha saa 2 kila mwaka unaofuata. Lakini lazima kuwe na agizo la anayekutibu kisukari, na mgonjwa anachangia asilimia 20. Kujipeleka mwenyewe hakupo. Takwimu za CDC, kituo cha serikali cha kudhibiti magonjwa, zilizotolewa mwaka 2014 zilionyesha kwamba katika watu wenye bima binafsi waliogunduliwa karibuni, asilimia 6.8 tu walipata elimu hiyo ndani ya mwaka mmoja.

Kuna jambo moja la huko ambalo Waswahili wa Minnesota, Texas au Ohio walijue. Sheria inaruhusu saa hizo zote ziwe za mtu mmoja badala ya kundi, ikiwa mgonjwa ana kizuizi kikubwa cha macho, masikio au lugha. Sharti ni daktari aandike sababu hiyo kwenye agizo. Asipoandika, unatupwa kwenye kundi la Kiingereza na mkalimani anakunong'oneza pembeni.

Rufaa nzuri inakuwaje?

Ni ukurasa mmoja. Jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kadi ya afya, simu inayopokelewa mchana. Aina ya kisukari na mwaka kilipogunduliwa. A1C ya karibuni pamoja na tarehe yake. Kipimo cha figo. Orodha ya dawa na vipimo vyake. Lugha, na kama mkalimani anahitajika. Na sababu, iandikwe kwa maneno yenye nyama. "Elimu ya kisukari" haitoshi. "A1C 9.2, anafanya kazi za usiku ghalani, anaruka chakula, anaogopa sindano": hapo mwelimishaji anajua aanzie wapi.

Ikiwa ni kuanza insulini, agizo lililosainiwa lazima liambatane. Mwongozo wa Canada unatoa mfano mwepesi: uniti 10 za insulini ya muda mrefu wakati wa kulala, ongeza uniti 1 kila usiku mpaka sukari ya asubuhi kabla ya kula iwe kati ya 4 na 7 mmol/L. Daktari anaweza kutaka tofauti, sawa, ila aandike. Rufaa inayosema "aanze insulini" bila dozi inarudi ilikotoka, na kurudi kwa faksi ni wiki nzima.

Nini huwa kinaharibika njiani?

Faksi, kwanza. Ontario bado faksi ni mfalme. Karatasi inatoka kliniki A, inaingia kwenye rundo la kliniki B, na hakuna anayejua kama imefika. Kliniki inayotuma iwe na mtu mmoja, kwa jina, anayeangalia kila Ijumaa rufaa ambazo hazijajibiwa kwa siku 14.

Pili, simu. Programu inapiga kwa namba iliyofichwa, mgonjwa hapokei namba asizozijua (na nani anapokea siku hizi?), baada ya mara tatu faili linafungwa. Dawa yake ni daktari kumwambia mgonjwa kabla hajatoka: "Utapigiwa na watu wa kisukari, pokea."

Tatu, saa. Madarasa ya saa nne asubuhi hayamfai dereva wa teksi wala anayelipwa kwa saa. Programu zenye kipindi cha jioni zipo, lakini rufaa isiposema mtu anafanya kazi gani, anapangiwa asubuhi na hatokei.

Nne, na hili linauma: daktari anayemtishia mgonjwa kwa insulini. "Usipojirekebisha nitakuanzishia sindano, na nitakupeleka darasani." Darasa limeshakuwa adhabu kabla halijaanza.

Naweza kujipeleka mwenyewe bila daktari?

Programu nyingi za Ontario zinakubali. Piga simu, sema una kisukari, omba miadi. Beba majibu ya maabara, au uombe kliniki iyatume. Kujipeleka kunafaa sana kwa chakula, kupima sukari, miguu na mazoezi. Kunakwama kwenye dozi: mwelimishaji hawezi kubadilisha insulini yako bila agizo la daktari au maelekezo ya kudumu yaliyosainiwa. Kwa hiyo mjulishe daktari, si kwa ajili ya ruhusa bali kwa ajili ya saini.

Sina daktari wa familia. Je?

Jaribu CHC ya eneo lako, hasa kama huna OHIP bado. Ndani yake utakuta muuguzi na mtaalamu wa lishe, na hapo rufaa ya ndani haihitaji zaidi ya kuvuka ukumbi. Kliniki za kuingia bila miadi zinaweza kuandika rufaa pia, lakini majibu na ripoti ya mwelimishaji hurudi kwa daktari ambaye pengine hutamwona tena. Omba nakala zako.

Mama yangu anaongea Kiswahili tu. Niende naye nikamtafsirie?

Nenda naye, lakini omba mkalimani pia, na liandikwe kwenye rufaa yenyewe, si siku ya miadi. Kiswahili cha Bukavu na cha Mombasa si kimoja, kwa hiyo taja anatoka wapi. Mtoto akitafsiri, mama hatasema kwamba anaficha kutomeza dawa, au kwamba metformini inamharibu tumbo. Na mtoto naye hufupisha. Mwelimishaji anaongea dakika mbili, mama anaambiwa "anasema usile wali".

Peleka chakula kwa picha. Piga picha sahani ya jana usiku kabla hajala. Picha ya chapati tatu na maharage inampa mtaalamu wa lishe zaidi ya fomu nzima ya maswali.

Mara ngapi mtu apewe rufaa? Nilishasoma zamani.

Nyakati nne: unapogunduliwa, kila mwaka au malengo yanapokataa kufikiwa, linapozuka tatizo jipya kama la figo au macho, na maisha yanapobadilika, kwa mfano umehama nchi au umeanza insulini. Kliniki nyingi hukumbuka ya kwanza tu.

Mfano mdogo wa kwa nini ya pili ina maana: mpango wa dawa wa jimbo unaruhusu vijiti 3,000 vya kupimia kwa mwaka kwa anayetumia insulini, 400 kwa anayetumia vidonge vinavyoweza kushusha sukari, na 200 kwa wengine wengi. Mia mbili havifiki hata kimoja kwa siku. Anayepima kila asubuhi anaishiwa kabla ya mwaka kwisha na hajajifunza kitu. Mwelimishaji atakuonyesha kuvitumia kwa jozi, kabla ya mlo na saa mbili baada yake, siku chache zilizochaguliwa.

Kenya na Tanzania hili linahusu?

Linahusu kwa namna nyingine. Huko rufaa inambeba mgonjwa mwenyewe, na nauli yake. Tanzania, kliniki ya kisukari yenye siku yake maalumu kwa kawaida iko hospitali ya wilaya au ya mkoa, si zahanati. Elimu inatolewa kwenye benchi asubuhi, kwa watu wote waliokuja, kabla foleni haijaanza kusogea. Kenya, Sheria ya Afya ya Msingi ya mwaka 2023 imeweka mitandao inayounganisha hospitali moja na zahanati na vituo vinavyoizunguka, pamoja na wahamasishaji wa afya ya jamii wanaotembea nyumba kwa nyumba.

Cha kuangalia ni hiki: dawa zinaposhushwa karibu na mgonjwa, elimu ishuke nazo. Mtu akianza kuchukua metformini zahanati ya kijijini, hana tena sababu ya kupanda gari kwenda wilayani, na benchi la asubuhi analikosa. Muuguzi wa zahanati akipewa dakika 20, glukomita yenye vijiti na karatasi moja ya picha za miguu na sahani, pengo hilo linazibika kwa sehemu kubwa.

Nataka kufunga Ramadhani. Nimwone mwelimishaji lini?

Wiki 6 hadi 8 kabla. Watu wengi hupiga simu Shaabani ikiisha, na miadi haipo. Mwombe daktari aandike "mpango wa kufunga" kama sababu ya rufaa, pamoja na maagizo ya dozi za daku na futari, kwa sababu dozi za kawaida zikiachwa zilivyo ndizo zinazoangusha watu saa kumi jioni. Kupima sukari mchana kwa kutoboa kidole hakuvunji saumu. Ikishuka chini ya 3.9 mmol/L au ikipita 16.6, fungua siku hiyohiyo, hata kama zimebaki dakika tano kwa adhana.